Noreen Aingia kwa Mlango wa Mbele

Haya majirani, sogezeni viti, na wewe unayechungulia kwenye pazia ingia tu, chai ipo. Habari yenyewe ni ya mtaani kwetu, hapa hapa mjini Ennis.

Asubuhi moja ya Mei, Noreen Tuohy alikuwa jikoni kwake, miguu juu ya kigoda, akipaka siagi mkate wa soda huku redio ikisoma matangazo ya vifo. Alikuwa na mwaka na nusu akiishi kwa malipo ya ugonjwa ya serikali tangu mgongo umlaze. Sasa mgongo ulikuwa umeanza kumtii. Mara simu ikalia. Ni Fergal, mwenye duka la mikate alikofanya kazi miaka kumi na tisa.

"Noreen wee, keki za Komunyo ya Kwanza zimenizika nikiwa hai! Njoo asubuhi mbili kwa wiki, utafanya umekaa. Ukiweza, nafasi ni yako daima."

 Kazi ile aliiota hata mchana. Akakimbilia kumwambia wifi yake, Concepta.

"Usithubutu kuwaandikia wale wa ofisi ya malipo!" Concepta akang'aka. "Ukiwaambia unaweza kidogo, watakukata chote. Pita mlango wa nyuma, akulipe mkononi. Nje utembee na fimbo, ukichechemea."

"Nichechemee mbele ya Padri?"

"Chechemea, wifi. Utazoea."

Basi ndugu msomaji, mtu mzima akachechemea! Siku za kazi alipita uchochoroni kama mwizi wa unga. Jumapili alikwenda Misa kwa fimbo. Wiki ya tatu ofisi ikapokea barua isiyo na jina, kwamba Noreen anafanya kazi kwa siri. (Mwandishi wake mtaa mzima unamjua, ila leo nimefunga mdomo, jambo la nadra.) Malipo yakasimama. Fergal naye akaingiwa na woga: "Lete kibali cha ofisi, Noreen. Bila kibali tutaumia wote."

"Rudi kitandani," Concepta akashauri. "Sema mgongo umekataa kabisa."

Hapo Noreen akachemka. "Nililala kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Kulala kwa kuwaogopa watu, silali!" Fimbo akaiacha nyumbani, akakata katikati ya mji mchana kweupe mpaka ofisini.

"Nimefanya kazi asubuhi tano bila kuwaambia," alimwambia karani kabla hata ya kukaa. "Nitarudisha chenu. Lakini sitajifanya mgonjwa ili nile, wala sitakubali kufa njaa kwa kosa la kupata nafuu. Haya niambie, mtu aliyepona nusu aende wapi?"

Karani akavua miwani. "Aje hapa hapa, mama. Yapo malipo ya watu kama wewe: unafanya kazi kwa kadiri ya nguvu zako, na sehemu ya pesa ya ugonjwa inaendelea. Ila unaomba kwanza, daktari anaandika, unapata barua, ndipo unaanza."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Noreen akakaa. Akavuta fomu.

Alingoja wiki tisa, akila viazi na ubishi. Barua ya kibali ilipofika, aliingia dukani kwa mlango wa mbele, saa ile ile watu wanatoka Misa ya asubuhi. Concepta, naye akitoka Misa, akamvuta mkono: "Wewe! Watu watasema!"

"Waseme kwa sauti, wifi. Mashine ya kukandia unga ina kelele."

FUNZO

Enyi mliougua mkapata nafuu, msione haya kupona. Haki ya kusaidiwa urudi kazini ni yako, lakini uliza mapema, na usiguse kazi kabla ya barua. Ushauri wa wifi au jirani ni mtamu kwa chai, ila hauna muhuri. Na ninyi wa kuandika barua zisizo na jina: siku moja migongo yenu nayo itauma.