Hodi Kwenye Waya wa Simu

Yaliyompata Mbwana wa Mishomoroni, mwaka wa tisini na tisa, yalimkuta alasiri ya jua kali, ameshiba mahamri na chai, hana wasiwasi na mtu.

Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta yenye intaneti kwenye ukumbi wa mtaa, watu watumie bure. Mbwana, msimamizi, akaifanya yake. Akaifunika kitambaa cha kufuma, akajifungia nayo, akawa anacheza karata kwenye kioo. Watu wakibisha, huwaambia laini mbovu. Moyoni akiwacheka: wauza samaki hawa, intaneti wataka ya nini? Naye mwenyewe aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, kofia aliyoshonewa na mkewe kichwani.

Bi Nyamvula alikuja kila mara. Bintiye, Dhahabu, alikuwa mtumishi Dubai, na habari zake zilikatika. Bibi alibaki na anwani yake ya imeli tu, kwenye kikaratasi.

"Mwanangu Mbwana, niandikie neno moja. Nijue yu hai."

"Bibi, hii si tunguri ya mganga," alijibu Mbwana. Wala shikamoo hakumpa. "Nenda kalale."

Bi Nyamvula akamtazama sana.

"Basi nitakwenda mwenyewe," akanong'ona. "Nawe utanisindikiza."

Mbwana alicheka hata akapaliwa.

Haikupita wiki, Bi Nyamvula akafa, Ijumaa akazikwa. Mtaa mzima ulikwenda mazikoni, isipokuwa Mbwana. Yeye aliwasha mashine yake, akapiga laini ya simu inayoleta intaneti. Ikalia ule mlio wake wa kukwaruza. Halafu, katikati ya mlio, mtu akakohoa.

Mbwana akainama kusikiliza.

"Hodi."

"Nani?"

"Hodi, mwanangu."

Akataka kuinuka. Kitu baridi kikamshika bega. Kilinuka udongo mbichi.

Kwenye kioo ikaingia imeli. Ya Dhahabu.

"Mama, nimefurahi umefika. Mbona wasimama tu hapo jikoni, hutaki kukaa? Na huyo mwanamume uliyemshika bega ni nani? Mbona analia?"

Mbwana akapapasa shavu. Limelowa.

Thoya, bawabu wa ukumbi, akirudi mazikoni na wenzake, alisikia ukelele mmoja. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Wakauvunja. Kiti kilikuwa kingali kikizunguka. Mtu hamna.

Hakuna aliyemlilia sana. Kitambaa kikatupwa, wauza samaki wakaketi, wakawaandikia watoto wao.

Kabla ya mwaka kwisha Dhahabu akarejea. Akenda moja kwa moja kwa Mwanatabu, mkewe Mbwana, na kofia mkononi. Aliiokota Dubai, sakafuni jikoni, siku ile mamake alipomjia.

Mwanatabu akaigeuza. Uzi ule aliutia yeye, kwa sindano yake mwenyewe. Ilikuwa imelowa jasho.

Akaianika juani mchana kutwa. Haikukauka. Mpaka leo haijakauka.