Ndugu wa Kisiwani

Jibu lilifika kabla swali halijatumwa. Gamaliel aliliona kwa macho yake, pale kwenye chumba chake cha kompyuta Miembeni. Stellah, mdogo wake, alikuwa bado anaandika hesabu, hajabonyeza kitu, na jibu likawa limejipanga kwenye kioo hatua kwa hatua. Harufu ya tope la ziwani ikapita chumbani.

"Kaka, umeniandikia wewe?"

"Mimi nina muda huo?"

Hakuwa nao, masikini. Alikuwa ameziunganisha kompyuta zake na za kituo cha masomo cha Mwalimu Consolata kule Muleba, pamoja na za vijana wa Kemondo, ili zibebane: iliyokaa bure iikopeshe nguvu ile iliyoelemewa. Asubuhi wanaorudia mitihani wasome, jioni vijana wapigane vita vyao vya gemu, kila mtu kutoka kwake. Wazo zuri, nani atabisha? Lakini umeme ukikatika Kemondo, gemu linaganda Miembeni. Mvua ikinyesha Muleba, somo linakatika katikati ya sentensi. Vijana wanamtukana, mwalimu anampigia simu, na Stellah, ambaye mtihani huu wa kurudia ndio mlango wake pekee wa chuo cha uuguzi, anabaki kutazama kioo kilichoganda huku machozi yakimlengalenga.

Siku moja, kabla ya jibu lile, hasira zilimpanda hadi utosini. Kulikuwa na mashine iliyojiunga yenyewe kwenye mtandao wake, imejiandika Kisiwani. Hakuwahi kuuliza ni ya nani. Alidhani ni ya wachuuzi wa samaki wa visiwani Muleba, na Mhaya hamfukuzi mgeni mlangoni. Hiyo tu ndiyo haikuwa inaganda. Gamaliel akapasua tunda la kahawa, zikatoka punje mbili pacha. Kidole chake kilikuwa kimechanwa na waya. Akazipaka damu, moja akaimeza, nyingine akaiweka mbele ya kioo.

"Wewe wa Kisiwani," akasema kwa kejeli, "zisukume hizi takataka ziende, tuwe ndugu. Changu chako."

Hivyo ndivyo wazee walivyofunga omukago, undugu wa damu, ambao ukishaumeza humnyimi mwenzako kitu. Mlutheri mzima, tena mwanakwaya, anafanyia mzaha jambo ambalo babu yake alilitaja kwa kunong'ona! Aliporudi kutoka kunywa chai, ile punje haikuwepo. Akalaumu panya.

Tangu hapo kila kitu kikaenda. Somo halikukatika, gemu halikuganda, vijana wakamwita bingwa, naye akavimba kichwa. Hakuona kwamba Stellah anakonda. Au aliona, akasema ni kusoma sana.

Alielewa mchana mmoja wa mvua, ile mvua ya Bukoba inayofanya saa nane iwe kama magharibi. Stellah alikuwa ameegemea kiti apumzike. Macho yake yalikuwa wazi, hayapepesi, na vidole vyake vilikuwa vikigonga mapaja, haraka, haraka zaidi, huku midomo ikinong'ona hesabu za mtu wa Muleba, kisha amri za vita, kisha majina ya vijana wa Kemondo ambao hajawahi kuwaona, na kila alipotaja jina, kwenye vioo vyote mle chumbani askari wa gemu waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Gamaliel.

"Stellah! Mawe, mama wee, Stellah!"

"Amekaa bure," sauti nzito ikajibu kwa kinywa chake, sauti yenye maji ndani. "Aliyekaa bure hukopesha nguvu. Si ndivyo ulivyopanga, ndugu yangu?"

Gamaliel akachomoa waya, wote, akazima umeme ukutani, akakanyaga kile kisanduku cha intaneti mpaka kikapasuka, vioo vikawa vyeusi na mvua ikawa ndiyo sauti pekee juu ya bati, ila vidole vya mdogo wake havikusimama, vilizidi, na kila pumzi aliyotoa ilinuka tope na magamba ya samaki.

Akampigia Muksini, shekhe wa Kemondo anayesomea watu wenye majini. Muksini alifika amelowa, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Kile kitu kilimsikiliza kwa adabu tu.

"Nani alimkaribisha?" Muksini akanong'ona.

Gamaliel akamweleza habari ya kahawa. Shekhe akafunga kitabu chake taratibu.

"Jini ningemtoa, waitu, mwenzangu. Ndugu siwezi. Mlifunga wenyewe, mzungumze wenyewe. Mwambie utampa nini badala yake. Na usimdanganye."

"Nimpe nini? Nina nini mimi?" Gamaliel alipandisha sauti, akaishusha kwa woga. Alikuwa amechoka, amechoka kweli, na hasira zake zote zilikuwa zimebaki bila mtu wa kuzipokea. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Mwachie. Hana kosa. Ana mtihani. Nikikaa bure, chukua nguvu zangu."

Vidole vikatulia. Harufu ya tope ikamwingia Gamaliel puani, ikashuka kooni, ikatulia kifuani. Stellah akapepesa macho, akaanza kulia, kisha akaomba ebitoke, ndizi za kupika.

Siku ya mtihani alimsindikiza mpaka getini. Stellah alikuwa anacheka, mashavu yamerudi. Gamaliel akarejea Miembeni, kwenye mashine zilizozimwa na waya zilizochomolewa, akajilaza kwenye benchi. Hakuwa amelala usingizi wa kueleweka tangu siku ile.

Simu ikamwamsha. Mwalimu Consolata.

"Gamaliel, Mungu akubariki! Wanafunzi wamefurahi. Tangu saa tatu unawafundisha hesabu bila hata kupumua."

"Mimi?"

"Si sauti yako hii?" Kisha mwalimu akaanza kunong'ona. "Gamaliel. Mbona nakusikia kwenye simu, na bado unaongea nao?"

Nyuma ya maneno ya mwalimu, Gamaliel alisikia sauti yake mwenyewe, nzito, yenye maji, ikieleza hesabu kwa upole.

"Niizime?" Consolata akauliza. "Gamaliel, nizime hizi mashine?"

Alitazama saa ukutani.

"Usiguse kitu, mwalimu," akasema. "Akinikosa mimi atamrudia Stellah, na Stellah bado yuko kwenye chumba cha mtihani."