Maji ya Bibi Harusi

Wasila alitumwa maji ya harusi ya mdogo wake, akaondoka kanuna, ndoo mkononi, jua likizama nyuma ya milima ya Aures.

Lakdari, bwana harusi, alikuwa mchumba wake yeye kwanza. Alimsubiri Wasila amuuguze baba yake hadi mwisho, kisha wazee wakaona bora Tunsi, yule mdogo, wakampa huyo. Shangazi hakumwonea hata haya. "Chelewachelewa, mwanangu, utakuta mwana si wako." Wivu ulimtafuna Wasila mpaka chakula cha harusi kikamshinda kumeza.

Hamamu, bafu la kale la Warumi, imebaki kuta na birika la mviringo, lakini chemchemi yake ingali ya moto. Kila msichana wa kijiji huogeshwa maji yale siku ya kuolewa. Mchotaji hupiga hodi kwa wenyewe wasioonekana, huchota, huondoka. Haogi. Wa kwanza kuyaoga ni bibi harusi.

Wasila hakupiga hodi. Alivua nguo akaingia birikani.

Kimya... Harufu ya kiberiti ikageuka harufu ya hina mbichi.

Mkono ukamgusa mgongoni.

"Bibi harusi umefika," sauti ya kike ilinong'ona. "Waitwa nani?"

Angeweza kusema kweli, lakini wivu uliushinda woga.

"Tunsi."

Mkono ukaanza kumsugua... taratibu... kama wasuguaji wa hamamu wanavyofanya. Nongo zilimtoka vipandevipande zikazama. Zilitoka nyingi mno. Alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Mama alimpokea mlangoni. "Tunsi, mwanangu, unazurura wapi siku kama ya leo? Tumekutafuta nyumba nzima."

Kwenye kioo aliiona sura ya mdogo wake. Alitaka kupiga yowe. Kisha akacheka.

Wakampamba, wakampigia vigelegele, wakamketisha kando ya Lakdari. Akamwegemea kwa furaha ya mwizi ambaye hajashikwa.

Lakdari hakumtazama. Macho yake yalikuwa mlangoni.

"Nisamehe, Tunsi," alinong'ona. "Dada yako yuko wapi? Moyo wangu uko kwake, nawe unajua."

Mlango ukafunguka.

Aliingia Wasila. Nywele zilichuruzika maji, uso ni uleule uliobaki birikani. Aliyekuwa ndani yake, kama ni Tunsi au ni mwingine, hakuna aliyeweza kujua. Chumba kizima kilinuka hina mbichi.

Bibi harusi akamkamata Lakdari mkono kwa nguvu zake zote.

Lakdari akauchomoa polepole, akainuka kwenda kumpokea mgeni.