Umri wa Bibi Loisi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Debora aliazima simu ya mama yake na kutazama kalenda. Alikuwa ameingiza humo siku za kuzaliwa za ndugu zao wote wa Makutupora. Siku ya mtu ikifika, kalenda ilionyesha jina na umri wake. Bibi Loisi hakujua mwaka aliozaliwa, na bila mwaka umri hauonekani. Debora akabuni: tarehe mosi Januari, 1967.

Mwaka mpya ulipoingia, simu ikaonyesha: Bibi Loisi, miaka 58. Wote nyumbani wakaamini.

Baadaye macho ya Bibi yakaanza kufifia. Alitembea akipapasa ukuta, na uji akaumimina nje ya bakuli. Mama alimsihi waende hospitali. Wazee wasio na uwezo hutibiwa bure, lakini mpaka wafikishe miaka sitini, kwa hiyo ingebidi walipe. Bibi alikataa. Zabibu zilikuwa zimeharibika shambani, na hakutaka mbuzi wa mwisho auzwe kwa ajili yake.

“Sitini bado,” alisema. “Simu ya mjukuu wangu imeshasema. Nitangoja.”

Debora alisikia, akanyamaza. Aliogopa kuchekwa. Kila siku alijiambia atasema kesho, na kila siku giza lilizidi machoni pa Bibi. Mwishowe, jioni moja, Bibi alimtazama usoni akamuuliza yeye ni nani.

“Mama,” Debora alisema, “ule mwaka niliubuni mimi.”

Mama hakugomba. Alimuuliza Bibi alikuwa mkubwa kiasi gani familia yao ilipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwaka 1971. Bibi akajibu kwamba alitembea na mdogo wake mgongoni na kibuyu cha maji kichwani. Mtoto wa miaka minne hawezi kubeba hivyo. Hata kama alikuwa na minane tu, sitini alikwisha kuivuka. Mtendaji wa kijiji aliisikiliza hesabu hiyo, akaikubali, akaandika barua ili Bibi atibiwe bure.

Daktari mjini Dodoma alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekufa na halitaona tena. La kushoto lingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

Debora alilia njia nzima. Walipofika nyumbani, Mama alimpa simu aufute ule mwaka.

“Simu haikudanganya,” alisema. “Ilipiga hesabu ya ulichoiwekea. Usilolijua liache wazi, mwanangu, na ukikosea sema siku hiyohiyo. Sasa nenda ukakae kushoto kwa Bibi, akuone.”