Mlango wa Tisa

Effie Dunning alimparamia Wilf Stannard kwa baiskeli katikati ya soko la samaki la Scarnsea, asubuhi watu wamejaa tele.

"We dada, breki huna?"

"Ninazo. Wewe ndiye huna macho."

Wilf, bonge la kijana mwenye sweta la buluu na masikio mekundu kwa baridi, alicheka hadi akasahau samaki wake waliomwagika chini. Baada ya miezi mitatu mji mzima ulijua kuwa hao wawili hawabanduki.

Vita ndivyo vilivyoleta tabu. Serikali ilipiga marufuku kengele na fataki za kuwaita watu wa mashua ya uokoaji, wote wa kujitolea, wavuvi tisa na kinyozi mmoja. Basi meli ikilipuliwa, Effie ndiye aliyekuwa akipanda baiskeli na kugonga milango yao, mmoja baada ya mwingine. Wilf alikuwa mmoja wao, na mlango wake ulikuwa wa tisa.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, meli ya makaa iligonga bomu la majini nje ya bandari. Effie akagonga milango minane. Kwenye wa tisa akasimama bila kushuka. Alimsikia Wilf ndani, ananyoa ndevu huku anapiga mluzi. Leo aende mwingine, alijisemea, akakanyaga pedali akaenda kugonga mlango wa kumi.

Mwingine huyo akawa baba yake. Mzee Dunning, miaka sitini na minne, mgongo mbovu, alikwenda kusaidia kushusha mashua, akakuta jaketi moja la kuokolea bado linaning'inia bandani, na kwa desturi yao jaketi halibaki msumarini: mwenyewe asipofika, huvaa aliyepo. Effie alipofika ufukweni kuvuta kamba za kuishusha na kuipandisha mashua pamoja na wanawake wenzake, baba alishashika kasia la Wilf.

Wilf, aliyesikia kelele za ufukweni, akaja mbio, sabuni bado shavuni. Mashua ilikwishaondoka.

"Effie, ulipatwa na nini?"

"Woga."

"Ukanificha mimi, ukampeleka mzee wako?"

"Sikujua kama ataenda."

Nyuma yao watu walishaanza kunong'ona kuwa kijana kajificha uvunguni. Wilf aliwasikia, wala hakumtaja mtu. Effie roho ikamuuma vibaya.

"Jamani, Wilf hakuitwa," akasema kwa sauti. "Mimi ndiye niliyempita."

Bi Pleasance, muuza mkate, akamtupia kamba. "Haya mwanangu, umesema. Shika hapa, mashua itarudi."

Ilirudi saa kumi jioni na mabaharia kumi na wanne. Wilf aliingia majini hadi kiunoni, akambeba mzee mgongoni.

"Kasia lako limepinda, kijana," mzee alinung'unika. "Limenitesa."

Effie akambusu baba yake, akalia, kisha akamgeukia Wilf. "Na ungekufa?"

"Ningekufa nimeitwa. Nakupenda mpaka naonekana zuzu, Effie, lakini sitaoa mtu wa kunificha."

"Nani kakwambia utanioa?"

"Nakuomba. Unanikubali?"

"Nakukubali, mpenzi wangu."

Ijumaa, meli nyingine ikalipuka. Effie alianza na mlango wa Wilf, kwa ngumi zote mbili, huku machozi yanamchuruzika.

"Wilf, mashua."

Akatoka, akambusu, akakimbia. Effie akajifuta uso kwa kiganja, akaelekea mlango wa pili.