Bluu ya Maua ya Viazi

Jumatano, saa nane mchana.

"Hakuna bunduki," alisema Issa. "Chai watatupakilia wenyewe."

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha gereji, Makambako. Milango imefungwa, taa inawaka mchana kweupe. Issa, msafirishaji aliyegeuka mwizi tangu malori ya watu wa Dar yalipomaliza mizigo yake. Omary, mpiga bati. Na Hilari, fundi rangi, ambaye tangu Issa amtoe rumande hakuwa na ulimi wa kumwambia hapana.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kiwanda kimoja cha chai, Lupembe, kilikuwa na lori la kukodi. Mlinzi akiliona tu linashuka kilima, geti liko wazi. Omary keshanyoosha bati za lori la wizi zikafanana na za lori hilo. Ilibaki rangi.

"Dereva nani?" Hilari aliuliza.

"Mtu wa Tunduma. Humjui. Na hapa hatoki mtu mpaka kazi iishe."

Issa akatupa mezani kifuniko cha sanduku la betri. "Rangi yenyewe hii. Naitaka yenyewe, sitaki binamu yake."

Fundi mwingine angesoma namba kwenye kopo akapuliza. Lakini rangi iliyopigwa na jua na vumbi la Lupembe si ile iliyotoka koponi. Hilari alikisugua kifuniko kwa petroli. Akachanganya bluu, nyeupe, na nyeusi ya ncha ya kijiti. Akapaka kipande cha bati, akangoja kikauke, maana rangi mbichi ni mwongo mkubwa. Bado. Kulikuwa na wekundu fulani umejificha ndani. Akadondosha tone la nyekundu, akakoroga.

Kipande na kifuniko vikawa kitu kimoja. Akaitambua.

Rangi hiyo haikuwahi kutoka kiwanda chochote. Aliizua mwenyewe kwa makosa, siku alipokoroga bluu kwa kijiti chenye nyekundu ya gari jingine. Alitaka kuifuta apake upya. Dada yake Anjela akakataa katakata. "Iache hivyo hivyo, kaka. Kama maua ya viazi." Lori lilikuwa la Fahadi, mume wa Anjela.

Kumbe ndivyo. Issa angeondoka na chai, Fahadi angebaki na pingu, na Anjela na tumbo lake angebaki kupeleka chakula gerezani. Hilari alilia. Omary alipomtazama, akasingizia harufu ya tina ya rangi.

Halafu akaumwaga mchanganyiko ule, akaanza upya. Safari hii hakutia tone. Chini ya taa hakuna ambaye angejua. Juani rangi ingejisema yenyewe, na mlinzi angeapa mbele ya hakimu kwamba lori la wezi halikuwa la Fahadi. Na mtu wa Tunduma akikamatwa? Shauri yake.

Issa alizunguka lori na taa mkononi. "Mapacha," akasema. Hilari akakitia kifuniko ndani ya koti.

Alhamisi, saa moja asubuhi.

Omary alilitoa lori gereji ukungu ukiwa mzito, akamkabidhi dereva kijijini Kichiwa. Issa na Hilari walitangulia na gari la Issa, Pijo, wakaegesha kilimani juu ya kiwanda.

Saa tano.

Ukungu ulipasuka, jua likamwagika juu ya chai. Lori likateremka. Hilari aliiona rangi yake ikiwa uchi: bluu tupu, kama sketi ya shule. Moyo ukamtulia. Fahadi amepona.

"Mbona rangi..." Issa alianza.

Honi ikalia. Moja ndefu, mbili fupi.

Hilari aliijua honi hiyo. Ndiyo iliyomtoa Anjela jikoni kila jioni. Mkono ukatoka dirishani kumpungia mlinzi, umevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee. Anjela aliifuma sweta hiyo masika yote.

"Issa. Dereva nani?"

"Shemeji yako. Kifuniko kaleta mwenyewe. Lori lake liko juu ya mawe nyumbani, mtaa mzima unaliona. Nani atamshika? Kaomba usijue, eti utamwambia dada yako."

Hilari alikuwa keshatoka nje. Alikimbia katikati ya chai akipiga kelele. "Fahadi! Rudi! Rudi, shemeji!"

Mlinzi hakufungua. Alilikaribia lori, akaweka kiganja juu ya bati, akarudi nyuma. "Hili silo!" Lori likarudi kinyumenyume, likatumbukia mtaroni. Fahadi akaruka, akakimbilia kwenye chai. Mlinzi akafyatua risasi moja. Sweta ile ikalala kati ya mistari ya chai, haikuinuka tena. Huko juu Pijo ikawaka, ikaondoka.

Saa kumi na moja jioni.

Lori la Fahadi lilikuwa juu ya mawe, mbele ya nyumba. Anjela alikuwa anaanua nguo.

"Kamwene, kaka! Fahadi hujamwona? Kaaga anafuata spea Njombe, mpaka sasa." Akaonyesha sanduku la betri lililo wazi. "Na wezi wamebeba kifuniko. Wewe mwenye jicho, tutapata kingine cha kufanana?"

Hilari alilisogelea lori. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kifuniko, akainama, akakirudisha mahali pake.

Jua la jioni lilikuwa linapiga ubavu wa lori. Kililingana kabisa, bluu yenye wekundu wake, kama maua ya viazi.

Anjela alipiga makofi kwa furaha. Kisha mikono yake ikashuka polepole juu ya tumbo.

"Kaka," alisema. "Umekitoa wapi?"