Makovu ya Ng'ombe wa Kitanguni

Kwa jina la Mola aliyemuumba mwenye kwato kabla ya mwenye mkuki. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetufunza kumhurumia mnyama asiye na ulimi.

Zama hizo bunduki zilikuwa chache pwani, na vita vilipiganwa kwa panga, mikuki na mishale ya sumu. Mji wa Kitanguni, wenye ukuta wa mawe na chokaa, ulitawaliwa na Mwana Aziza binti Bakari, mjane wa maneno machache. Kadhi wake alikuwa Abdulwali, mwanachuoni mpenda utani. Na zizini alikuwapo Shekuwe bin Athmani, tabibu wa ng'ombe, aliyejifunza kazi yake malishoni kwa wafugaji Waorma. Shekuwe alikuwa na mjukuu mmoja tu, Mwanatumu, kitoto kichanga kilichofiwa na mama siku ya kuzaliwa. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyokilea.

Mbwarahaji, jumbe wa Ndawe, akauzingira mji na kuteketeza mashamba. Ng'ombe wote wakaingizwa ndani ya ukuta, na mtama ulipokwisha, watu wakaishi kwa maziwa. Ndipo fahali mmoja akakohoa.

Shekuwe alimwona amenyoosha shingo, viwiko amevipanua ili apate pumzi, akajua. Fahali alipokufa, alimpasua: pafu lilikuwa limegandamana na ubavu, zito kama ini, lina michirizi kama marumaru. Akakata kipande, akakitia bakulini, akaenda nacho barazani.

"Hii ni homa ya mapafu, Mwana," alisema. "Haisazi zizi. Waorma huchanja pua ya ng'ombe mzima, wakatia humo chembe ya pafu kama hili. Pua huvimba, ng'ombe huugua, na akipona maradhi hayamrudii."

Kadhi alivuta kanzu yake nyuma. "Shekuwe, miaka yote nakuhimiza usogee safu ya mbele msikitini. Leo nashukuru hukunisikiliza." Kisha akakitazama kile kipande, na mzaha ukamtoka. "Nyamafu ni najisi. Lakini dharura huhalalisha kilichokatazwa. Chanja, kisha uoge."

"Na maziwa?" aliuliza Mwana Aziza.

"Yatakauka, Mwana, mpaka homa iwatoke. Na baadhi yao watakufa kwa mkono wangu."

"Watoto wachanga je?"

Shekuwe aliinamisha kichwa. "Tumwache mmoja bila kumchanja, tumtenge, akamuliwe kwa ajili yao. Kidoti, yule mweusi, ndiye mwenye maziwa mengi."

"Naye akikohoa?"

"Basi nitakuwa mimi niliyemchagua."

Wanaume wakashika pembe, Shekuwe akachanja. Pua zikavimba kama maboga, na wachache wakafa. Mwanamke mmoja alimwambia kisimani, "Adui yuko nje, nawe umemleta mwenziwe ndani." Shekuwe akateka maji, akarudi zizini.

Kidoti alifungwa nyuma ya msikiti, na kina mama wakawa wanamngojea na vikombe. Lakini kabla ya kutengwa alikuwa amekwisha kunywa maji katika hori moja na yule fahali. Asubuhi moja Shekuwe alipoinama kumkamua, alisikia kikohozi. Akaegemeza paji la uso ubavuni mwake, akisikiliza pumzi zikikwaruza, chuchu ingali mkononi.

Kidoti alikufa kabla maziwa ya wenzake hayajarudi. Watoto wakamfuata. Mwanatumu alizikwa pamoja na wengine wawili. Kadhi aliwaswalia, kisha akamshika mkono rafiki yake.

"Nilimchagua mimi," alisema Shekuwe.

"Wewe ulichagua kwa ujuzi. Mungu amehukumu kwa elimu Yake."

"Najua, Kadhi. Hilo nalo halinyonyeshi mtu."

Ng'ombe waliochanjwa wakapona, maziwa yakarudi. Lakini waliobaki na nguvu ya kuinua upanga walikuwa wachache, na msaada ulioahidiwa na miji jirani haukuja. Mwana Aziza akafungua lango. Sharti la Mbwarahaji lilikuwa moja: watu watoke na roho zao, ng'ombe wabaki.

Jumbe, mwenye joho jeusi na jambia la fedha, alipita kati ya ng'ombe akizitazama pua zao. "Wangu wanakwisha kwa kikohozi, mzee. Hawa wako wamesalimikaje? Baki nami, nikupe nyumba."

"Niliyekuwa nikimkamulia amelala, bwana. Nyumba ya nini? Lakini waite wachungaji wako, niwaonyeshe."

Mwana Aziza alimngoja langoni, mtandio umemfunika uso. "Mbona wamfunza adui?"

"Mchama ago hanyele, Mwana, huenda akauya papo. Ahamaye kambi asiichafue, huenda akairudia."

"Sisi hatutarudi, Shekuwe."

"Hatutarudi, Mwana. Ng'ombe watakuwapo."

Alifundisha mpaka adhuhuri, akakisafisha kisu chake, akawafuata wenziwe uhamishoni. Wengi walifia njiani, yeye akiwa miongoni mwao. Ukuta wa Kitanguni umemezwa na kichaka, wala hakuna jiwe lenye jina la tabibu. Ila ng'ombe wa Ndawe waliendelea kuchanjwa puani kizazi baada ya kizazi, na wachungaji wao wakiulizwa ni nani aliyewafunza, hujibu: "Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu."

Ewe Mola, warehemu waliolala. Na waliobaki, wenye mifugo na wasio nayo, wape pumzi nyepesi, na vikombe vya watoto wao usiviache vikavu. Amin.